Jirani Wangu wa Juu na Jemadari Wake

Alikuwa na madaftari kumi na manane, na yote yalimhusu mtu mmoja aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Madaftari ya shule, yenye mistari ya buluu, ameyapanga kwenye kabati la vyombo, pale ambapo watu wengine huweka sahani za wageni. Wageni hakuwa nao, isipokuwa mimi, na mimi kwa chai nilikuwa nakuja na kikombe changu kutoka chini.

Tuliishi Hayes, pembezoni mwa London, nyumba moja ya matofali iliyogawanywa flati mbili, yeye juu, mimi chini na binti yangu. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Kutwa nzima nawaogesha watu, nawapa vidonge, nawasikiliza, kisha narudi kwangu miguu imenivimba, nakuta mzee mwingine ananingoja kwenye ngazi na daftari mkononi. "Mwanangu, una nafasi?" Jamani, nafasi! Lakini mimi mtu wa Tanga, nikisikia kuna habari inasimuliwa siwezi kupita nikafunga mlango. Basi Jumatano na Jumamosi alasiri nilikuwa napanda juu, yeye anasoma, mimi nachapa kwenye kompyuta.

Naomba nilitangulize hili, msomaji asije akadhani nasimulia habari za madaftari tu. Mwaka juzi daktari alimwambia vali moja ya moyo wake imechoka, lazima ibadilishwe, na isipobadilishwa hafiki mbali. Akapangiwa siku ya operesheni, hakwenda. Akapangiwa nyingine, hakwenda. Nikamuuliza, "Mzee wangu, unaogopa kisu?" Akanijibu, "Kisu sikiogopi. Naogopa kukilalia na jambo la mtu shingoni." Jambo gani, la nani, hakusema. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nilinyamaza nisiulize tena.

Huyo aliyekuwa akimwandika alimwita Jemadari. Jina lake la Kirusi lilikuwa refu na kila nikilichapa nalikosea, mpaka tukakubaliana libaki Jemadari. Jirani yangu alipokuwa kijana alipelekwa Urusi, enzi zile za Wasovieti, kusomea mizinga, na huko alikuwapo mwalimu mmoja mzee mwenye mguu wa bandia, aliyewahi kuwa askari wa huyo Jemadari. Mwalimu huyo kila akimtaja alishusha sauti, ingawa serikali ilikwisha kulisafisha jina lake zamani. Hiyo sauti ya chini ndiyo iliyomnasa jirani yangu, na haikumwachia tena.

Nilimjua Jemadari kuliko ninavyowajua wajomba zangu. Alianza kuwa luteni wa mfalme. Vita vya kwanza vya dunia akatekwa na Wajerumani, akatoroka, akakamatwa, akatoroka, akakamatwa, mpaka mara ya tano ndipo akafika kwao, akakuta mfalme hana tena ufalme. Akaingia upande wa Wekundu, wale wa mapinduzi. Ana miaka ishirini na mitano akapewa jeshi zima, akawasukuma Weupe, waliopinga mapinduzi, kutoka mto Volga mpaka Siberia. Akafika karibu na Warsaw, akapigwa vibaya, akarudi mbio. Hapo jirani yangu alikuwa anasimama, anatembea chumbani, anahamisha vikombe mezani kunionyesha jeshi lipi lilichelewa. "Hiki kikombe kingegeuka kushoto siku mbili mapema!" Kikombe chenyewe changu, kina chai ya moto.

Jemadari huyo alikuwa anaunda violini kwa mikono yake. Anaranda mbao, anachemsha gundi, anapaka vanishi. Na mikono hiyo hiyo ilitia sahihi amri ya kuwapulizia gesi wakulima waliokimbilia msituni. Siku tulipofika sura hiyo niliinua mikono kwenye kompyuta.

"Mzee, mtu wa gesi unamwandikia kitabu cha nini?"

"Ndiyo maana namwandikia. Angekuwa malaika wangejaa waandishi mlangoni."

"Basi iandike kwa ufupi, iishe."

"La. Hiyo iandike ndefu. Usimpake mafuta, mwanangu. Ukimpaka mafuta hapa, kule mbele akipigwa risasi hutajua nani amepigwa."

Nilichapa kurasa tisa za gesi, nikashuka kwangu sina hamu ya kula.

Kwa mambo mengine alikuwa hashikiki. Alikuwa na misemo miwili na yote aliiamini. Mmoja: "Hakuna aliyelazimishwa. Kila mtu mkono wake uko begani kwake mwenyewe." Wa pili: "Ukipigwa vya kutosha utakiri kuwa wewe ni ngamia." Siku moja aliisema yote miwili kabla chai haijapoa. Nikamwambia, "Chagua mmoja, mzee, maana hii sasa ni ugali na wali kwenye sahani moja." Alikasirika, hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu akashuka na chupa ya jamu, hiyo ndiyo ilikuwa samahani yake. Yeye alikunywa chai ya rangi na kijiko cha jamu ndani yake, tabia aliyorudi nayo Urusi. Mimi nilimwambia wazi kwamba hiyo si chai, ni dawa ya kikohozi ya watoto.

Jeshi alilichukia, na alitandika kitanda chake ukiangusha sarafu inaruka. Alifanya kazi miaka mingi kwenye ghala la mizigo kando ya uwanja wa ndege, na ovaroli ya ghalani aliipiga pasi mpaka ikawa na mikunjo kama ya suruali ya harusi. Binti yangu anaelewa Kiswahili vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliozaliwa hapa. Wengine humgombeza. Jirani yangu hakumgombeza hata siku moja. Mtoto akimjibu Kiingereza, yeye anamjibu Kirusi, na maongezi yanaendelea. Leo binti yangu anaweza kuomba sukari kwa Kirusi, Kiswahili cha kuombea sukari hana.

Lakini kulikuwa na mambo mawili yaliyokuwa yakinikera kwa sababu sikuyaelewa. La kwanza, hakutia sahihi. Kitu chochote. Ghalani walitaka kumfanya msimamizi, akakataa kwa kuwa msimamizi hutia sahihi kila shehena. Kadi ya pongezi ya jirani aliyejifungua, wote tumeandika, yeye akachora ua tu. Akiletewa kifurushi ananigongea sakafu kwa kisigino niende nikatie mimi. "Kidole chako hakina makosa," ananiambia. Nilidhani ni uzee.

La pili lilikuwa la mazikoni. Sisi wanawake hatuendi makaburini, lakini habari za makaburini tunazipata kabla wanaume hawajavua viatu. Mnajua desturi yetu: kabla ya kumswalia maiti, shekhe anageuka, anawauliza waliohudhuria, "Mnamshuhudiaje ndugu yenu huyu?" Watu wanaitikia, "Mwema! Mwema!" Basi jirani yangu atamwosha maiti, atambeba, atafukia kaburi mpaka jasho limtoke. Lakini shekhe akianza kugeuka tu, yeye yuko nje. Shahada imekwisha, huyo anarudi. Wengine walisema ana kiburi, eti anajiona bora kuliko maiti. Nilipomuuliza alinijibu neno moja, "Sishuhudii."

Na sasa niseme la Meja, ambalo ni aibu yetu sote.

Tooting, upande mwingine wa London, alikuwako mzee mwingine wa kwetu, aliyekuwa meja jeshini zamani, na kila mtu alijua kwamba Meja wa Tooting na jirani yangu wa Hayes hawapikiki chungu kimoja. Tulijuaje? Tulijua tu. Mmoja akisikia mwingine yupo mahali, anageuzia njiani. Basi sisi wapishi wa shughuli, harusi, hitma, Idi, tukawa na orodha mbili. Idi mosi anaalikwa Meja, Idi pili anaalikwa jirani yangu. Hitma, Meja anakuja kwenye kisomo, jirani yangu anapelekewa sahani kesho yake. Nilipohamia London nilikabidhiwa orodha hizo na dada mmoja kwa uzito kama nakabidhiwa ukadhi, na kwa miaka mingi nilizibandika kwenye friji. Wengine walisema waligombea mwanamke. Wengine wakasema siasa. Mmoja aliapa ni shamba la karafuu, na karafuu hawakuwa nazo hata wazee wao. Si mimi, si dada, si shekhe, hakuna aliyekwenda kuwauliza wenyewe. Tulifurahia kuwa na siri ya kuitunza, hiyo ndiyo kweli.

Jumatano moja mwezi wa tatu tukafika sura ya mwisho. Jemadari amekuwa mkubwa, ni mmoja wa watano wenye cheo cha juu kabisa. Ameona kabla ya wengi kwamba vita vijavyo ni vya vifaru na ndege. Mkubwa wa nchi amemchoka. Wanamkamata, wanampiga, anakiri kwamba ni jasusi wa Wajerumani, na walioiona karatasi yenyewe wanasema ina matone ya damu. Kesi ni ya siku moja. Na waliowekwa mezani kumhukumu ni makamanda wenzake.

Hapo sauti yake ilibadilika. Hakuwa anasoma tena, daftari lilikuwa limefungwa pajani.

"Andika: mmoja wa waamuzi alikuwa amekula chakula nyumbani kwake mara nyingi."

Nikachapa.

"Andika: hakumtazama usoni. Alitazama kitufe cha pili cha shati lake."

Nikachapa.

"Andika: kwa kuwa ni desturi ya mahakama za jeshi kwamba mdogo wa cheo ndiye anayeanza kutoa hukumu, ili asifuate wakubwa zake, huyu ndiye aliyetia sahihi wa kwanza. Na waliobaki wakaona imekwisha kutiwa."

Nikasimamisha vidole. "Mzee, hili umelitoa kitabu gani? Juzi uliniambia yaliyosemwa mle ndani hayajulikani yote."

"Halimo kitabuni," akasema.

Nchi sitaitaja wala mwaka, mwenyewe aliniomba. Jirani yangu alikuwa luteni, ndiyo kwanza ametoka Urusi. Meja ndiye mkuu wake. Meja ndiye aliyemfundisha kusoma ramani za kwetu, maana Urusi alisomea ramani zenye theluji. Meja ndiye aliyemsimamia nikaha. Siku moja Meja akakamatwa, ikasemwa anapanga kupindua serikali, na vijana sita maofisa wakaitwa, wakakalishwa kwenye meza yenye kitambaa cha kijani. Hukumu ilikuwa imeshachapwa. Akaletwa Meja, amevimba jicho. Karatasi ikaanzia kwake yeye, mdogo wa wote.

"Nilikuwa na kalamu mkononi," akaniambia. "Nilijua ni uwongo. Hakuna aliyenigusa, mwanangu. Hata kofi sikupigwa. Nilitia sahihi, na wa pili akatia, na wa tatu. Ningekataa mimi, labda wa pili naye angepata moyo. Labda wa tatu. Wote walikuwa wananitazama mimi."

Meja alifungwa miaka saba. Mkewe akaharibikiwa mimba, mama yake akafa hakumzika. Alitolewa kwa msamaha wa serikali mpya, akaja London. Jirani yangu alikuwa amekwisha kutangulia London naye. Alipomsikia yuko mji mmoja naye akaanza kukimbia.

Nililia? Nililia. Na nilimkasirikia, sitaficha. Nilimwona kijana yule na kalamu yake nikataka kumzaba kibao. Kisha nikamtazama mzee aliyekuwa mbele yangu, midomo imekuwa ya rangi ya jivu, anahema kama amepanda mlima, na amekaa kitini tu.

"Kwa hiyo nyinyi hamchukiani," nikasema.

"Mimi nimchukie Afande?" Alishangaa kweli. "Nani kasema?"

Nikafikiria zile orodha kwenye friji langu, nikaona haya.

"Umewahi kumwomba radhi?"

"Kwa uso upi?"

"Kwa huo huo ulio nao! Ndiyo jambo la shingoni hilo? Ndiyo maana hupandi kitanda cha hospitali?"

"Watanilaza, watanisimamisha moyo. Wameniambia hivyo, wanausimamisha kisha wanauwasha. Wakishindwa kuuwasha je? Niende kwa Mola wangu na Meja bado yuko Tooting?"

Nikamwambia mficha maradhi, kifo humuumbua. Akasema methali anazijua. Nikamwuliza operesheni ya mara ya tatu ni lini. Akasema Jumanne ijayo, na safari hii asipokwenda wanamwondoa kwenye orodha. Jumanne ijayo! Alikuwa amekaa nayo mfukoni kama tikiti ya basi.

Jumapili nilikwenda Tooting peke yangu, sikumuaga. Mke wa Meja namfahamu kwa majiko ya harusi, tumemenya viazi pamoja miaka. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama," akaniitikia, "Marahaba, mwanangu, leo umepotea njia?" Akanikaribisha ndani. Meja alikuwa amekaa dirishani, mwembamba, kofia ya kufuma kichwani, anachambua choroko kwenye sinia. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima. Yote yaliruka. Nikasema tu, "Jirani yangu, yule aliyekuwa luteni wako, anakufa kwa sababu anakuogopa."

Mkewe akaweka mkono mdomoni. Meja hakuinua kichwa. Aliondoa jiwe dogo kwenye choroko, akaliweka pembeni.

"Anaumwa nini?"

Nikamweleza moyo, vali, Jumanne, yote.

"Mlete kesho."

"Kesho una kliniki ya macho," mkewe akasema.

"Macho yangu yatangoja. Mlete kesho. Na asije na tai."

Alikuja na tai. Nilimvua kwenye ngazi za Hayes, akavaa nyingine kwenye treni, nikamvua na hiyo. Tulipanda treni, tukabadilisha, tukabadilisha tena, na kila kituo alitaka kushuka. Tulipotoka nje pale Tooting, katikati ya maduka ya bamia na vitambaa vya sari, akasimama kabisa.

"Nimesahau dawa zangu."

"Ziko kwenye mkoba wangu."

"Na miwani."

"Umeivaa, mzee."

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi na mwepesi, nami nilimwongoza polepole nikiogopa ule moyo wake usinikatikie njiani. Nilijiambia, mama wewe, ukimfikisha pale akafukuzwa mlangoni, umemuua wewe.

Meja alifungua mwenyewe. Jirani yangu akabana visigino, akanyooka, mikono ubavuni, mzee wa karibu miaka themanini, kwenye zulia la mlangoni la watu.

"Afande."

"Mguu pande, Luteni," Meja akasema. "Ngazi zangu hazitaki gwaride."

Tukakaa. Mke wa Meja aliingia jikoni, lakini mlango aliuacha wazi, na mimi nisingemlaumu. Jirani yangu akaanza. "Nimekuja mbele yako kutaka radhi. Siku ile mimi ndiye..."

Meja akainua kiganja. "Mahakamani hutangulia mdogo. Hapa ni kwangu, natangulia mimi."

Na akasema. Kwamba kabla ya ile meza ya kitambaa cha kijani, walimweka chumbani siku kumi na moja. Walitaka majina ya wenzake. Wenzake hakuwa nao, kwa kuwa hapakuwa na mpango wowote. Siku ya kumi na moja alitaja majina manne ili waache. Jina la pili lilikuwa la luteni wake. Na wale wanne wote, pamoja na wengine wawili, ndio walioitwa wakakalishwa mezani, ili waonyeshe wako upande upi. Angekataa mmoja, angekwenda kukaa chumba kile kile.

"Hukuletwa pale kwa bahati," Meja akasema. "Mimi ndiye niliyekuleta. Nilipokuona umeshika kalamu nilikuwa naomba Mungu utie sahihi upesi, kabla hawajabadili mawazo. Halafu nimetoka, nimefika huku, nikaambiwa uko Hayes na hunisogelei. Nikasema, amekwisha kujua nani alimtaja. Ana haki. Nikawa nakupisha."

Jikoni hata kijiko hakikulia.

"Ulinitaja mimi," jirani yangu akasema polepole.

"Wa pili."

"Wa kwanza nani?"

Meja akamtaja, marehemu.

"Kwa nini mimi wa pili? Mimi nilikuwa mdogo wa wote!"

"Jina lako lilikuwa fupi," Meja akasema. "Nilikuwa na meno yanatoka damu."

Nilimwona jirani yangu anapandwa na hasira, hasira ya kweli, shingo imemvimba, nikashika mkoba wenye dawa. "Miaka yote hii," akasema, "miaka yote hii mimi nimekula pilau la jana! La kupasha moto! Kwa sababu yako!"

Meja akamkodolea. "Pilau gani?"

Ikabidi niwaambie habari za orodha mbili. Mke wa Meja alitoka jikoni na taulo kichwani, amejifunika uso, mabega yanamtetemeka, nikadhani analia, kumbe anacheka. Akaanza Meja. Jirani yangu alikaza uso kadiri alivyoweza, ukamshinda. Walicheka wazee wale mpaka nikawaomba waache, nina mgonjwa wa moyo hapa. Kisha, katikati ya kicheko, jirani yangu akafunika uso kwa mikono na mambo yakawa mengine. Meja alihama kitini kwa shida, akaja akakaa naye kwenye kochi, goti kwa goti.

"Nisamehe, Afande."

"Nimekuradhi duniani na akhera. Nisamehe na mimi."

"Nimekuradhi. Na mama yako, Mungu amrehemu. Sikuja hata kukupa pole."

"Nipe sasa."

Akampa pole ya mama aliyefariki miaka arobaini na kitu iliyopita, kwa maneno yote kamili kama amezikwa jana, na Meja akaipokea. Mimi nilitoka kwenda kusimama jikoni. Nilijisikia kama mtu aliyetua ndoo kichwani.

Kwenye treni ya kurudi tulibadilisha mara ya kwanza. Kisha akaniambia nitoe simu, niandike, yaani mwisho wa kitabu. Nikaandika kwa kidole gumba, nimesimama: kwamba wengi wa wale waliomhukumu Jemadari nao walikamatwa baadaye, mmoja mmoja, wakauawa na mkono ule ule, na hawakupata nafasi ya kugonga mlango wa mtu yeyote. Nikamuuliza kama niongeze lolote. Akasema hapana, sisi tumepata nafasi, tusiwasimange.

Kesho yake alfajiri alikwenda hospitali. Meja alikuja kutoka Tooting na fimbo yake, akakaa na mimi kwenye korido saa sita nzima, akibishana kwamba Warsaw ilipotea kwa ajili ya chakula cha farasi na si kwa ajili ya kuchelewa upande wa kushoto. Alipotoka daktari kusema moyo umewaka, Meja alinishika mkono akaubana mpaka pete ikaniumiza.

Mara ya mwisho kukaa naye vizuri ilikuwa majira haya ya joto, kituo cha basi, mimi nimetoka shifti, yeye anakwenda Tooting na chombo cha mahamri. Amenenepa. Amehamishia madaftari yake huko, maana Meja anataka kusahihisha vita, na sura ya Warsaw sasa ina waandishi wawili na haitaisha kamwe. Nilimwambia kuna jambo nimetaka kumuuliza siku zote, naye akasema niulize, lini nimewahi kuomba ruhusa.

"Siku ile wanakusukuma na kitanda kuingia chumba cha kisu. Uliwaza nini?"

Alifikiri. Basi lake lilikuwa linaonekana kwa mbali, limekwama kwenye taa.

"Muuguzi aliniuliza kama naogopa," akasema. "Nikamwambia ngoja nitazame. Nikaitafuta, mwanangu, kweli nikaitafuta, maana nilikuwa nimelala nayo na kuamka nayo tangu ujana. Sikuiona. Nikamwambia muuguzi, sina hofu, nina njaa tu."